Shida Ina Mwenyewe

Katika kumbi za mashindano ya ubunifu, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, kijana akishapanda jukwaani huulizwa swali lile lile: tatizo lako ni lipi? Swali zuri, ila limekaa upande. Tatizo si lake. Mwenye programu ya kumsaidia mkulima kuuza nyanya hana nyanya zinazomwozea shambani, na mwenye programu ya kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki mara nyingi hana mimba. Shida ni ya mtu mwingine, ambaye hayumo ukumbini, hakualikwa, na wala hajui kwamba kwa dakika hizo tano shida yake inapangiwa soko, mtaji na faida. Naanza na kineno hiki, "lako", kwa sababu hoja ya sura nzima imo humo. Vijana wa teknolojia wamezoeshwa kuamini kwamba tunu binafsi ni habari moja na kutafuta tatizo la kutatua ni habari nyingine: tunu zinaandikwa kwa herufi kubwa ukutani mwa ofisi, tatizo linatafutwa sokoni. Mimi naona ni habari moja. Tunu za mwanzilishi ndizo zinazoamua ataona shida ya nani, atamsikiliza nani anapoambiwa amekosea, na nani atabebeshwa mzigo siku biashara itakapobana.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila msomaji wa kitabu hiki anacho mfukoni. Wengi hudhani M-Pesa ilibuniwa ili watu watume pesa nyumbani. Sivyo ilivyoanza. Nick Hughes, aliyekuwa mtumishi wa Vodafone huko Uingereza, alipata ruzuku ya serikali ya nchi yake kwa wazo la kurahisisha mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo wake kwa simu na aurejeshe kwa simu. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005, kwa ushirikiano wa Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, yakiwa na wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika. Susie Lonie, aliyetumwa kuyasimamia, alikuwa na mpango mkononi na watu mbele yake, na baada ya miezi michache viwili hivyo vikaanza kupishana. Wateja walikuwa wanarejesha mikopo, ndiyo, lakini pia walikuwa wakifanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mfanyabiashara alimlipa mwenzake. Mwingine alimrushia salio ndugu aliye kijijini. Na wapo waliogundua matumizi ambayo, kwa maoni yangu, yana akili kuliko yote: mtu anayetaka kusafiri anaweka fedha zake kwa wakala asubuhi, anapanda basi mifuko mitupu, akifika mwisho wa safari anazitoa zile zile kwa wakala wa huko. Hakumtumia mtu yeyote. Alijitumia mwenyewe, kwa sababu alikuwa anaogopa kuibiwa njiani.

Msafiri huyo anastahili kutazamwa kwa makini. Shida yake haikuwamo katika andiko lolote la mradi, na angeulizwa kwenye dodoso kama anahitaji "huduma za kifedha" huenda angejibu hapana, maana hakuwa akiiita hivyo. Lakini alikuwa na hofu, alikuwa na njia zake za zamani za kuikabili (noti soksini, bahasha kwa dereva, mzigo wa shangazi anayepanda gari la kesho), na kila njia ilikuwa na hasara yake. Hata kabla ya majaribio hayo watafiti walikwisha kuona kwamba katika nchi kama Uganda, Ghana na Botswana watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kama vile ni fedha: unanunua vocha, unamsomea ndugu yako namba zake, naye anamuuzia jirani na kubaki na noti. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya shida inayofaa kutatuliwa. Mwenyewe amekwisha kuanza kuitatua, vibaya na kwa gharama, kwa vitu vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine. Shida ambayo hakuna anayehangaika nayo mpaka mwanzilishi aje kuieleza kwa picha za kompyuta mara nyingi ni ya mwanzilishi peke yake.

Kuiona alama hiyo, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukubali kuachana na mpango wako, na hapo ndipo tunu zinapodaiwa. Wale wa M-Pesa walikuwa na ruzuku iliyotolewa kwa ajili ya mikopo midogo, mshirika ambaye hesabu zake zilikuwa zinasumbuliwa na mfumo mpya, na maandiko yenye saini. Wangeweza kuwasahihisha wateja. Badala yake waliisahihisha huduma: ilipozinduliwa Machi 2007 urejeshaji wa mikopo haukuwa tena kiini chake, na tangazo lake lilikuwa sentensi moja ya kumwambia mtu atume pesa nyumbani. Miaka tisa baadaye Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo ilikuwa imeziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walikuwa wamehama kilimo na kuingia katika biashara kama kazi yao kuu. Kaya hizo zinamdai shukrani yule msafiri wa mifuko mitupu, na watu waliokuwa tayari kumwacha awaongoze.

Mfano wa pili unatuleta Ifakara. Keller Rinaudo, Mmarekani aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na kampuni ya kutengeneza roboti ya kuchezea, yenye magurudumu, inayotumia simu ya mkononi kama ubongo wake. Watoto waliipenda, nayo iliuzika. Mwaka 2014, kwa maelezo yake mwenyewe, alifika katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, akaonyeshwa kazi ya mtafiti kijana aliyekuwa amejenga mfumo wa ujumbe mfupi: mhudumu wa afya akipata mgonjwa mahututi na kukosa dawa au damu, anatuma ujumbe, ujumbe unaingia kwenye hifadhidata. Mfumo ulifanya kazi sawasawa. Kulikuwa na maelfu ya maombi, kila moja na mahali pake, saa yake na mgonjwa wake. Kilichokosekana ni kitu cha kuyajibu. Ilikuwa orodha safi kabisa ya watu ambao msaada haukuwafikia. Kampuni ya roboti iligeuzwa ikawa Zipline, na Oktoba 2016 ndege zake zisizo na rubani zikaanza kupeleka damu hospitalini, si Tanzania ilikokuwa orodha, bali Rwanda, iliyokuwa ya kwanza kutia saini. Kituo kilijengwa Muhanga. Ndege inafyatuliwa kama jiwe la manati, inavuka vilima, inaangusha sanduku lenye mwavuli wa karatasi karibu na hospitali, na kurudi bila kutua.

Wanaosimulia habari hii hupenda kuishia kwenye ndege, nami nadhani wanapitwa na kilicho muhimu. Ukiuliza shida ya damu Rwanda ilikuwa nini, jibu la haraka ni barabara: milima mingi, mvua, magari yanachelewa. Mganga wa hospitali ya wilaya angekupa jibu refu zaidi. Damu ina makundi, na ina mazao yake. Chembe sahani hudumu siku tano hivi tu, nyingine wiki kadhaa. Hospitali ndogo ililazimika kubashiri: iweke chupa ngapi za kundi gani, kwa ajili ya mama gani atakayetokwa damu wiki ijayo? Ikiweka nyingi, zinaharibika jokofuni. Ikiweka chache, mama anafika na kundi lake halipo. Kwa hiyo shida ilikuwa kubashiri kabla ya kuwa mwendo, na dawa yake ni kuihifadhi damu mahali pamoja na kuipeleka pale tu inapoitwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba katika hospitali zilizohudumiwa na ndege hizo damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Takwimu ya namna hiyo hutokana na kuwasikiliza watu wa maabara na watunza stoo. Mwenye kupenda ndege tu angeridhika na picha za ndege.

Hapa nategemea kukatizwa. Msomaji atasema: unatuambia kwamba moyo mwema ukikutana na shida ya kweli, mambo yananyooka. La. Moyo mwema umeharibu fedha nyingi Afrika. Kule Afrika Kusini kulibuniwa pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Shida ilikuwa ya kweli, maji. Nia ilikuwa safi. Picha zilipendeza mno. Mwaka 2006 nchini Marekani ziliahidiwa dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 ifikapo 2010. Kisha mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian akakaa chini kupiga hesabu, akakuta kwamba ili kufikia idadi ya watu waliotajwa kwenye ahadi, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Vijijini, watoto walipokwenda shule au kuchoka, kina mama ndio waliobaki kulisukuma gurudumu lile kwa mikono, na si mama mmoja aliyesema pampu ya zamani ilikuwa afadhali. Kila mtu alikuwa ameulizwa isipokuwa mchota maji. Nia njema ilikuwa imeelekezwa kwa kifaa na kwa wafadhili waliokipenda. Ila haki itendeke: mwaka 2010 Jean Case, ambaye mfuko wake ulikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu, aliandika hadharani kwamba mradi haukufikia ahadi zake. Watu wanaoweza kuandika hivyo kwa jina lao ni wachache, nami ningewekeza kwa mtu wa aina hiyo kabla ya asiyewahi kukosea.

Mkatizaji wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa anatumia maneno yangu mwenyewe. Nimesema alama ya shida ya kweli ni watu kuigharamia tayari. Basi mikopo ya simu je? Watu wanaihitaji, wanaiomba usiku na mchana, wanailipia riba ya kutisha. Huko Tanzania mikopo ya namna hiyo imepewa jina ambalo halihitaji maelezo: kausha damu. Hapa kipimo cha soko kinasema ndiyo kwa sauti kubwa, na kwa hakika uhitaji upo. Mama ntilie anayetaka mtaji wa gunia la mchele saa kumi alfajiri hana benki itakayomfungulia. Tazama lakini ni kitu gani baadhi ya programu hizo zilikifanya dhamana. Mkopaji hana hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara. Ana simu, na ndani ya simu mna majina: mama mkwe, bosi, mwalimu wa mtoto, katibu wa kikundi. Programu iliomba ruhusa ya kuyasoma majina, naye akabonyeza "kubali", maana ndivyo vitufe vyote hubonyezwa. Alipochelewa kulipa, mama mkwe akapigiwa simu. Dhamana ilikuwa aibu.

Mhandisi aliyeandika sehemu hiyo ya programu alitatua tatizo, tena kwa ustadi: namna ya kudai deni la shilingi kidogo bila gharama ya wakili. Tatizo hilo lilikuwa la mkopeshaji. Na mama mkwe hakukopa, hakusaini, hakubonyeza chochote. Kwa hiyo kipimo changu nakirekebisha, kwa sababu nusu yake ilikuwa imesahaulika: haitoshi kwamba mwenye shida analipia, lazima tuwahesabu pia wanaotozwa bila kuwa na shida hiyo. Soko halitawahesabu, kwa kuwa hawanunui. Sheria itawahesabu siku moja, ikichelewa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zilikataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya simu ya mdaiwa na kumwaibisha kwa kuanika habari zake, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikazipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kati ya kitufe cha "kubali" na kanuni ya serikali kuna miaka mingi ambayo hakuna wa kumzuia mwanzilishi isipokuwa yeye mwenyewe. Miaka hiyo ndiyo ninayoizungumzia ninapotaja tunu.

Lakini tunu hazilipi mishahara, utasikia, na kijana asiye na mtaji hawezi kujipa anasa ya kukataa. Nakiri kwamba wanaolisema hili mara nyingi wana njaa ya kweli. Tena si kila msimamo unalipa. Hadithi za kwamba wema daima hurudi na faida ni za kuwafariji watoto. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 na ambako Watanzania wengi wameandika mambo mazito kwa majina ya kubuni, alikamatwa Desemba 2016, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 baada ya kukataa kuwakabidhi polisi utambulisho wa waandikaji wake. Kesi zilimzungusha mahakamani kwa miaka. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Wanahabari, yenye makao New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari, lakini tuzo haikumwondoa kizimbani, na mwaka uliofuata alitiwa hatiani. Huo ni mfano wa bei, na sitaipunguza. Ninachouliza ni kingine: bila msimamo ule, JamiiForums ingekuwa na kitu gani cha kuuza? Mtu mwenye siri ya ufisadi wa ofisini kwake hahitaji bidhaa nyingine yoyote kutoka kwa mtandao huo ila hakikisho kwamba jina lake halitatoka. Hapo tunu ya mwanzilishi na suluhisho la tatizo ni kitu kimoja. Ukiondoa kimoja, kingine hakipo. Na uamuzi wa namna hii haungoji polisi wabishe hodi. Hufanywa mapema, na mtu aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta akiamua programu yake itunze taarifa zipi za watumiaji na zipi isizitunze kabisa.

Limebaki suala la ujana wenyewe, ambalo wakubwa hulipenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, na vijana hawajalala vitanda vingi. Takwimu ziko upande wa wakubwa hao kuliko wengi wanavyofikiri. Pierre Azoulay na wenzake walipochunguza kampuni changa za Marekani walikuta kwamba katika zile zilizokua kwa kasi kuliko zote, moja katika kila elfu, wastani wa umri wa mwanzilishi wakati wa kuanza ulikuwa miaka 45, na kwamba waliowahi kufanya kazi katika sekta ile ile walifanikiwa zaidi. Picha ya mvulana aliyeacha chuo inauzwa kuliko inavyostahili. Hata hivyo methali ile inazungumzia kujua, na kujua kunaazimika. Susie Lonie hakuwa mkopaji wa Thika. Rinaudo hakuwahi kuwa mganga wa wilaya. Walichokuwa nacho ni subira ya kumwuliza aliyelala kitandani, na kutomkatiza anapojibu. Kijana anayo mali moja ambayo mtu wa miaka 45 mwenye watoto watatu na mkopo wa nyumba hana: muda. Anaweza kukaa miezi mitatu katika ghala la mazao akihesabu magunia bila kuandika mstari mmoja wa programu. Wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa hakuna shindano linalotoa zawadi kwa kuhesabu magunia, na hilo ni kosa la waandaaji kuliko la vijana.

Kwa hiyo narudi Ifakara, kwenye ile orodha. Ilikuwepo kabla ya mgeni kufika. Iliandikwa na Watanzania, kwa simu za kawaida, nayo ingeweza kusomwa na yeyote aliyeruhusiwa kuifungua. Orodha za namna hiyo tunazo nyingi na hazimo kwenye kompyuta. Zahanati ina daftari la dawa zilizokosekana. Baraza la ardhi la kata lina majalada ya mashauri yanayosubiri tarehe. Ofisi ya mamlaka ya maji ina kitabu cha malalamiko, kimefungwa kwa kamba ili kisiibwe, na kurasa zake za kati hazijafunguliwa tangu ziandikwe. Wewe unayetafuta tatizo la kutatua, nenda katika moja ya ofisi hizo, ficha majina ya watu yabaki siri yao, na uombe ruhusa ya kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza.